Mkono wa Kushoto wa Mzee Shija

Siku ya kuniaga nilipewa saa ya ukutani, vitenge viwili na hotuba tatu. Hotuba zote tatu zilisema kwamba katika miaka yangu yote ya unesi sikuwahi kukosea. Nilikaa pale mbele na kipande cha keki mdomoni, nikiwatazama wasemaji. Wawili hawakunifahamu hata kidogo. Wa tatu, Dokta Kyando, ananifahamu vizuri sana, ila ni mtu wa huruma.

Sasa ninyi wadogo zangu wa kliniki ya presha mmeniomba niwaandikie kumbukumbu, "hata kurasa chache, Sista Sekela, za kututia moyo." Kutia moyo sijui kama nitaweza. Nitaandika yaliyotokea. Vyeo nimeviruka, maana kila cheo nilichopewa kilikuja na funguo za kabati jingine tu. Majina ya hospitali nimeyaacha pia. Kosa nitakalolieleza lilikuwa langu, si la jengo.

Nilianza kazi Iringa, katika hospitali ya misheni, nikiwa binti wa Tukuyu ambaye hakuwahi kuona baridi isiyokuwa na mvua. Viatu vyangu vyeupe, nilivyovipaka chokaa asubuhi, vilikuwa vyekundu kwa vumbi kabla sijafika getini. Nilikuwa nimejiandaa kuokoa watu. Nikapewa sanduku la chuma lenye mashine ya presha ya zebaki, nikaonyeshwa kiti, nikaambiwa nikae nayo tuzoeane.

Aliyeniambia hivyo ni Matroni Mgaya, Mhehe wa Kalenga, mfupi, aliyekuwa na saa imening'inia kifuani kichwa chini. Asubuhi alikusalimia "Kamwene" mara moja, kisha siku nzima iliyobaki alizungumza kwa nyusi. Wiki yangu ya kwanza hakuniruhusu kumgusa mgonjwa. Niliwapima presha wapishi, mlinzi, dereva na mchungaji, ambaye alitaka tuombe kwanza. Kila mmoja nilimpima mkono wa kulia na wa kushoto, nikaandika namba zote mbili.

Siku ya tatu nikamuuliza, "Matroni, si damu ni ile ile?"

"Damu ni ile ile," akasema. "Njia si ile ile. Ukitoka hapa mjini kuna njia ya kwenda Kalenga, kuna njia ya kushuka Ipogolo. Mti ukianguka njia ya Kalenga, watu wa Ipogolo watajuaje?"

Sikukubali. Nilikuwa na cheti, na mtu mwenye cheti kipya ni mgumu kufundishwa. Nilifanya alivyotaka kwa sababu nyusi zake zilinitisha, si kwa sababu nilielewa.

Nilielewa asubuhi moja, alipoletwa mkulima wa mahindi kutoka Kalenga, mwanaume wa makamo aliyekuwa akitembea ameinama. Alisema kuna kitu kimempasuka mgongoni, katikati ya mabega, wakati akinyanyua gunia. Mkono wa kulia ulisoma 184. Wa kushoto ulisoma 102. Nilidhani nimekosea, nikarudia, ikawa vile vile. Matroni Mgaya alikuja akashika mapigo ya mikono yote miwili kwa pamoja, kama mtu anayesikiliza watu wawili wakigombana, kisha akaenda kumwita daktari bila kukimbia. Alikuwa hakimbii kamwe. Alisema nesi akikimbia, wagonjwa wote wanapanda presha.

Baadaye alinieleza. Kuna mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, madaktari wanauita aota. Unapanda kidogo, unapinda, halafu unashuka mgongoni hadi tumboni. Pale kwenye pindo ndipo yanapotoka matawi ya kwenda kichwani na mikononi, na la mwisho kabisa ni la mkono wa kushoto. Ukuta wa mshipa huo ukichanika au ukivimba pale juu, mara nyingi mikono miwili itakupa habari mbili tofauti. Dawa yake wakati ule, kwetu, ilikuwa barabara ya kwenda Dar es Salaam na maombi.

Tulimpakia kwenye gari la hospitali, nikapanda naye. Tukiwa tunateremka mlima aliniuliza kama nimeolewa, akasema akipona ana mpwa wake, fundi seremala, si mlevi. Nikacheka. Tulipofika Ipogolo, kabla hata ya kuishika barabara kuu, aliacha kujibu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetulia, watu wanauza vitunguu. Dereva aligeuza gari bila kuambiwa.

Matroni Mgaya alifungua daftari, akaandika namba mbili za yule bwana, na chini yake neno moja: Tulijua. Nikamuuliza linasaidia nini.

"Halimsaidii huyu," akasema. "Siku moja watapata cha kufanya. Wakishapata, kazi yenu itakuwa ni kujua tu."

Nililia stoo ya mashuka siku ile, nimejifunika shuka la hospitali usoni, na bado nakumbuka harufu ya jiki.

Miaka ikapita, nikahamia Mbeya, kliniki ya presha. Matroni Mgaya akafariki akiwa amestaafu, na nilimzika na ushauri wake wote, ingawa wakati ule sikujua kama nimeuzika.

Wengi wenu chumba kile mmekikuta, ila si kwa mpangilio ule. Meza ilikuwa imeegemea ukuta chini ya dirisha. Mgonjwa akikaa, mkono wake wa kushoto unalala juu ya meza wenyewe. Ili umpime wa kulia, lazima asimame, ageuze kiti, akae akiangalia mlango, naye mara nyingi ni bibi mwenye magoti mabovu au mfanyabiashara wa Mwanjelwa aliyemwachia jirani kibanda na anatazama saa. Benchi lote linaguna. Wiki ya kwanza nilipima mikono yote miwili. Wiki ya pili nikawapima hivyo wageni tu. Mwezi ulipokwisha, mkono wa kulia wa Mbeya nzima ulikuwa umepumzika. Mazoea yana taabu, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba mazoea pia yanapunguza foleni.

Wagonjwa wakanipa jina, Sista Chapu. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyowahi kukiri. Madaktari nao walisifu sikio langu. Zilipokuja mashine za betri, bado waliniita nihakikishe kwa ile ya zebaki, na mara nyingi mimi ndiye niliyekuwa sahihi. Sikio lilikuwa zuri kweli. Lilisikiliza mkono mmoja kwa uaminifu mkubwa.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Shija. Alikuwa Msukuma wa Usangu, mfugaji, mrefu kiasi cha kuinama mlangoni, na bakora yake haikutoka mkononi. Alipofungua mdomo, ikatoka sauti ya mtu anayesema siri.

"Sista, ng'ombe zangu hazinisikii."

Nikamwambia hii ni kliniki ya watu. Hakucheka. Alieleza kwamba tangu mvua zilizopita sauti yake imekatika. Akiita, ng'ombe zinaendelea kula, zinamwona kama mpita njia. Alikuwa amekunywa tangawizi, asali, vidonge vya kumumunya vya kila duka la dawa pale Mwanjelwa, na mizizi ambayo jina lake alikataa kunitajia. Hivi karibuni mgongo nao ulianza kuuma. Aliona aibu kuja hospitali kwa ajili ya sauti. Aliyemtoa nyumbani alikuwa dume lake kubwa. Alikuwa amelilea tangu ndama, na siku hiyo lilimgeuzia mgongo.

Eksirei ya kifua ilionyesha kivuli kisichotakiwa upande wa kushoto juu ya moyo. CT scan ikathibitisha kwamba aota yake imevimba pale pale kwenye pindo, na ule uvimbe unaukandamiza mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Dokta Kyando, ambaye wakati ule alikuwa bado na nywele, aliomba aazimwe ile bakora.

"Hapa chini ya mpini uweke moyo, baba," akasema. "Damu inapanda, inapinda hivi, inashuka mgongoni. Hapa kwenye kupinda pamevimba."

"Patapasuka?"

"Panaweza."

Mzee Shija aliitazama bakora yake kama mtu aliyeonyeshwa kwamba mke wake ana ndugu asiowajua. Akauliza kama watampasua kifua. Dokta akamweleza kwamba zamani ilikuwa hivyo, ila siku hizi Dar kuna mafundi wanaopitia pajani. Wanachukua bomba la kitambaa lililoshonewa wavu wa waya, wanalikunja jembamba, wanalisukuma ndani ya mshipa hadi juu kwenye pindo huku wakiliona kwenye skrini, kisha wanaliachia lifunguke. Damu inapita ndani ya bomba, na ukuta uliovimba unapumzika.

"Kumbe ni kutia tyubu ndani ya tairi," akasema Mzee Shija.

Nimesoma maelezo mengi ya matibabu hayo tangu siku ile, mengine yana michoro ya rangi. Hakuna lililolishinda hilo.

Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye korido. Nilikuwa namkumbuka yule bwana wa Kalenga na mpwa wake fundi seremala. Cha kufanya kilikuwa kimepatikana, na nilitamani Matroni Mgaya awepo nimwambie. Nilifurahi mpaka nikasahau nusu ya pili ya maneno yake.

Mzee Shija alikwenda Dar, akawekewa bomba, akarudi akitembea mwenyewe. Alileta bahasha kubwa ya kaki aliyoifunga kwenye nailoni, na nailoni kwenye kanga ya mkewe. Haikuwa imefunguliwa. Kwao barua ya daktari ni ya daktari, na kuifungua ni sawa na kuchungulia nyumba ya mtu. Alinikabidhi kwa mikono miwili. Dokta Kyando alikuwa safarini, kwa hiyo niliifungua nikaipachika kwenye faili, nikijua yeye ataisoma akirudi. Yeye aliporudi aliona imeshafunguliwa na kupachikwa, akajua mimi nimeshatoa yaliyo muhimu. Barua ile ilikuwa na kurasa nne za Kiingereza na wasomaji wawili, kila mmoja akimtegemea mwenzake.

Mzee Shija akakaa, mkono wa kushoto ukalala mezani. Nikapima. 114 kwa 70. Nilitangaza namba ile kama matokeo ya mtihani, na benchi likampongeza.

"Ila mkono hii inachoka, Sista," akanong'ona. "Nikikamua, wa kulia unaendelea, huyu wa kushoto unaniomba nipumzike."

"Ni umri, baba. Hata mimi nikifua mashuka naombwa hivyo hivyo."

Dokta Kyando aliiona namba niliyoandika, akahofia kwamba presha itashuka mno, akampunguzia dawa. Mzee alikuwa ameondoka Dar na vidonge vya aina tatu. Mwezi uliofuata, 110. Akabakishiwa aina moja. Mimi kwa hiari yangu nilimruhusu chumvi. Alinishukuru sana kwa hiyo chumvi, akaniletea mchele wa Mbarali uliopepetwa vizuri, nami niliupika pilau nikala na majirani.

Mwezi wa tatu alisema kichwa kinamgonga asubuhi. Nikamwambia anywe maji. Mwezi wa nne alisema ametoka damu puani mara mbili. Nikamwambia ni vumbi la Usangu. Nesi aliyefanya kazi miaka mingi hakosi jibu, na hiyo ndiyo hatari yake kubwa kuliko kukosa dawa.

Aliyemwokoa Mzee Shija ni fundi rangi. Tulikuwa tunatarajia wageni wakubwa, na mnajua wageni wakubwa wanavyopenda kuta. Nilifika asubuhi nikakuta chumba kinanuka, na meza yangu imehamishiwa ukuta wa pili. Nilimfokea yule fundi mbele za watu. Akaniambia kwa upole, "Mama, ule ukuta haujakauka, subiri mpaka kesho." Nikakaa nimenuna. Siku hiyo kila aliyekaa, mkono uliolala mezani ulikuwa wa kulia, nami sikulifikiria hilo hata mara moja. Nilikuwa nafikiria rangi.

Mzee Shija alikuwa wa saba. Nikamfunga kitambaa, mashine ikasoma 198 kwa 112.

Nikaipiga mashine kofi. Ikarudia 196. Nikabadilisha betri, nikabadilisha mashine, mwishowe nikaitoa ya zebaki kabatini, nikaweka sikio langu maarufu. 198.

"Baba, umegombana na mtu leo?"

"Nagombana na nani, Sista? Niko kwenye benchi tangu saa moja."

"Umekunywa dawa?"

"Ile moja mliyoniachia nimekunywa."

Ile moja mliyoniachia. Hapo ndipo nilipomsikia Matroni Mgaya, si kama mzimu, kama mtu aliyekaa kiti cha pili: Njia si ile ile. Nikamwomba asimame, nikageuza kiti mwenyewe, nikapima mkono wa kushoto. 112. Nikashika mapigo ya mikono yote miwili kwa pamoja. Upande wa kulia palikuwa na mtu anayegonga mlango. Upande wa kushoto palikuwa na mtu anayenong'ona.

Nililifungua faili, nikaisoma ile barua nikiwa nimesimama. Ukurasa wa pili, katikati, mtu wa Dar alikuwa amepigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Waliandika kwamba ili bomba lishike mahali pazima, ilibidi lifunike mdomo wa tawi linalokwenda mkono wa kushoto. Mkono utaendelea kuishi kwa damu inayozunguka njia za pembeni, lakini presha yake haitakuwa ya kweli tena. Presha ipimwe mkono wa kulia tu. Isiruhusiwe kupanda, maana ikipanda inaweza kuuharibu mshipa kule bomba linakoishia.

Iringa tulijua tukakosa la kufanya. Mbeya kila kitu kilikuwa kimefanyika, na mimi sikuwa nimesoma ukurasa wa pili.

Nilikwenda kwa Dokta Kyando nikafunga mlango. Nikamweleza. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Dawa nilipunguza mimi, Sista," akasema.

"Kwa namba zangu."

"Barua sikuisoma."

"Hata mimi. Na chumvi nilimruhusu mimi, hiyo hukuijua."

Tukamlaza Mzee Shija wodini, tukamrudishia dawa zote, tukampeleka CT scan. Picha ilionyesha bomba limekaa vizuri, lakini chini yake, pale linapoishia, mshipa ulikuwa umeanza kutanuka. Dar wakasema aletwe haraka, wataongeza kipande cha pili. Dokta Kyando aliandika kosa lote kwenye faili, kwa mkono wake, likiwa na majina yetu mawili. Mgonjwa mwenyewe alikuwa ameambiwa tu kwamba kuna marekebisho. Nilimwambia Dokta kwamba yaliyobaki nitamweleza mimi, na kwamba nitamsindikiza.

Mnajua barabara ya kwenda Dar inapita wapi. Kilomita zote zile kutoka Mbeya nilikuwa nahesabu vituo, na kila nusu saa nilimpima mkono wa kulia. Mafinga ilikuwa 138. Kadiri tulivyokaribia Ipogolo, nadhani presha yangu ilikuwa juu kuliko yake. Tulipofika nikamwomba dereva asimame kando, karibu na daraja. Watu walikuwa bado wanauza vitunguu. Nikampima. 128. Nikampima na wa kushoto, 96, nikaandika zote mbili.

"Baba," nikasema, "nina neno la kukuambia, na ninaliogopa."

Nikamwambia yote. Barua, meza, mkono, dawa, chumvi. Nikamwambia hata pilau. Alinisikiliza amelala, macho juu ya paa la gari.

"Ningekufa?" akanong'ona.

"Ungeweza kufa. Bado hatujafika."

"Kwa mkono wangu au kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Nje mwanamke mmoja aligonga kioo akituonyesha kitunguu, dereva akamfukuza kwa kichwa.

"Sista, wewe ulishawahi kununua ng'ombe?"

"Hapana."

"Wangekuuzia wagonjwa tupu." Akapumzika kidogo, maneno mengi yalimchosha. "Mnadani muuzaji anakusimamishia ubavu ule mzuri. Wewe unazunguka. Hata kama muuzaji ni shemeji yako, unazunguka. Hiyo mkono yangu ya kushoto ilikusimamishia ubavu mzuri, na wewe ukalipa."

Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sikutafuta jibu.

"Hasira ninayo," akaendelea. "Ila nikikasirika sasa hivi itapanda. Nitakasirika nikirudi."

Niliteremka garini nikajifanya natazama tairi, nikalia kidogo. Kisha nikapanda tukaendelea. Ipogolo ikabaki nyuma yetu, naye akiwa bado anajibu kila ninapomwita. Dereva aliniuliza kwa nini nimeita mara nyingi hivyo. Nikamwambia aangalie barabara.

Kipande cha pili kilishika. Alirudi baada ya majuma kadhaa, na kwa kuwa ni mtu wa neno lake, alikuja kliniki siku ya foleni kubwa, akasimama katikati ya chumba, akanikasirikia. Sauti yake haikuwa imerudi, na hadi leo haijarudi yote, kwa hiyo ilibidi benchi zima linyamaze ili lisikie. Sijawahi kugombezwa kwa kunong'onezwa. Alianza na meza, akaja kwenye chumvi, akamalizia na mchele wake. Alipomaliza akakaa, akakunja mikono yote ya shati, akasema, "Haya, pima." Kulia 124. Kushoto 94. Nikaandika zote mbili.

Jioni ile niliisukuma meza katikati ya chumba. Haikupendeza. Ilizuia mlango wa kabati, wafagiaji waliilalamikia, na mkaguzi mmoja aliandika kwamba mpangilio wa chumba si wa kitaalamu. Lakini ukitaka kumpima mgonjwa pale ilikuwa lazima uizunguke, na ukishazunguka, mkono wa pili uko mbele yako. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miaka yangu miwili ya mwisho. Jina la Sista Chapu likafa, na foleni ikarefuka. Wakanipa jina jingine ambalo sitawaandikia hapa.

Kisha mkaniaga, mkanipa saa.

Mwezi uliopita nilikuja kliniki. Safari hii nilikuja na daftari langu mwenyewe, maana presha haijali umeipima watu wangapi. Nilikaa kwenye benchi kama mtu yeyote. Nilipochungulia ndani nikaiona meza. Imerudi ukutani, chini ya dirisha, na juu yake kuna kitambaa kizuri cha kufuma. Sitaki mtu aseme nimewasema vibaya. Chumba kinapendeza sana.

Ndani alikuwa Neema, mgeni kwenu, hanifahamu. Nilimsikia akisema, "Mama, mkono. Haya, nzuri. Mwingine." Ana mkono mwepesi yule binti, na nadhani ana sikio. Wazee wawili walipita kwa muda ambao mimi ningekuwa bado natafuta kalamu. Nilijiandaa kumfokea, nikakumbuka nilivyomfokea fundi rangi, nikatulia. Nilikuwa nakusanya maneno ya kumwambia kwa adabu wakati nilipogeuka kuangalia foleni iliyo nyuma yangu.

Mzee Shija alikuwa amekaa wa tatu kutoka kwangu, bakora katikati ya magoti, akimnong'oneza jirani yake jambo kuhusu mnada. Jirani alikuwa akimnong'oneza wa kwake. Mnaijua baridi ya Mbeya ya Juni. Watu walikuwa wamevua sweta wakaziweka mapajani, na benchi lote, kuanzia kwake hadi mlangoni, mabibi, walimu, na mfanyabiashara mmoja wa Mwanjelwa anayetazama saa, lilikuwa limekunja mikono yote miwili ya nguo hadi juu ya kiwiko.

Neema alitoka kuita mwingine. Akasimama.

"Mbona mmekunja yote?"

Wote walimtazama Mzee Shija, naye akainuka polepole, akainama kupita mlangoni, akaionyesha ile meza kwa ncha ya bakora.

"Zunguka, binti," akamnong'oneza.

Neema aliniangalia mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimefunika mdomo. Kisha akakiondoa kile kitambaa cha kufuma, akakikunja vizuri, akamwomba mzee mmoja amsaidie kushika upande wa pili wa meza.